Atomu Arubaini na Nne: Fizikia ya Kompyuta na Maji ya Turkana

Sayansi ya maada kwa njia ya kompyuta huchunguza fuwele, vimiminika na chembe ndogo bila kuvigusa. Mtafiti huanza na orodha ya atomu na mahali ilipo kila moja, kisha hutumia sheria za fizikia ya kwanta kukokotoa jinsi atomu hizo zitakavyoshikana, zitakavyopitisha umeme, zitakavyofyonza mwanga au zitakavyoachana joto likizidi. Eneo lake la kazi hupimwa kwa nanomita. Nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita, na ndani yake hutosha atomu nne hivi za silikoni zilizopangwa mfululizo.

Kipimo hicho kina tabia zake. Mchemraba wenye atomu 10 kila upande una atomu 1,000, na 488 kati ya hizo ziko usoni, zimekosa jirani upande mmoja au zaidi. Mchemraba wenye atomu 1,000 kila upande una atomu bilioni moja, lakini zilizo usoni hazifiki hata asilimia moja. Atomu isiyo na jirani hutafuta cha kushikana nacho, ndiyo maana kitu kilichozoeleka hubadili tabia kikisagwa hadi nanomita chache. Dhahabu ya pete hukaa miaka mia bila kushikana na hewa, ilhali chembechembe zake huchochea gesi yenye sumu ya kaboni monoksaidi igeuke kaboni dioksaidi, jambo lililobainishwa Japani na Masatake Haruta mwaka 1987. Rangi nayo hubadilika: chembe za nusu-kipitishi kilekile hutoa mwanga mwekundu zikiwa kubwa na wa buluu zikiwa ndogo, na ugunduzi huo ndio uliotunukiwa Nobeli ya kemia mwaka 2023.

Ugumu wote wa hesabu uko kwenye elektroni. Elektroni husukumana zenyewe kwa zenyewe, kwa hiyo mwendo wa moja hauelezeki bila kuzingatia nyingine zote. Atomu mbili tu za silikoni zina elektroni 28. Kila elektroni huhitaji namba tatu kueleza mahali ilipo, jumla namba 84. Atakayeandika jedwali la hali zote, akitumia nukta 10 pekee kwa kila namba, atahitaji visanduku vinavyohesabika kwa 1 ikifuatwa na sifuri 84. Atomu za ulimwengu wote unaoonekana hukadiriwa kuwa 1 ikifuatwa na sifuri 80. Kwa hiyo, ingawa mlinganyo mkuu wa kwanta ulikuwepo tangu 1926, kwa karibu miaka arubaini vitu vigumu vyenye elektroni nyingi vilibaki nje ya uwezo wa kukokotolewa kikamilifu.

Aliyefungua njia ni Walter Kohn, na maisha yake yanastahili kusomwa polepole katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kaskazini-magharibi mwa Kenya. Alizaliwa Vienna mwaka 1923 katika familia ya Kiyahudi. Agosti 1939, wiki chache kabla ya vita, alipandishwa treni ya watoto waliokuwa wakipelekwa Uingereza bila wazazi wao. Mwaka uliofuata serikali ya huko ilimzuilia kwa kuwa karatasi zake zilikuwa za nchi adui, ikamvusha bahari hadi Kanada akiwa na miaka 17, akawekwa kambini. Katika kambi za Quebec na New Brunswick wasomi waliozuiliwa pamoja naye walianzisha shule, na humo alijifunza hisabati na fizikia. Alikata miti msituni kwa ujira wa senti 20 kwa siku. Kwa senti hizo alinunua kitabu cha hisabati cha Hardy na kitabu cha fizikia ya kemikali cha Slater. Wazazi wake waliuawa Auschwitz. Alipoachiliwa na kuingia Chuo Kikuu cha Toronto hakuruhusiwa kukanyaga jengo la kemia, kwa sababu ndani mlikuwa na kazi za siri za vita, akashika njia ya hisabati na fizikia. Nobeli aliyotunukiwa mwaka 1998 ilikuwa ya kemia.

Wazo lililompa Nobeli hiyo lilizaliwa Paris mwaka 1964, akishirikiana na Pierre Hohenberg. Walithibitisha kwamba hakuna haja ya kufuatilia kila elektroni. Inatosha kujua msongamano wa elektroni katika kila nukta ya nafasi, yaani kitu kinachohitaji namba tatu tu hata elektroni ziwe elfu, maana msongamano huo katika hali tulivu kabisa hubeba ndani yake habari zote za mfumo. Mwaka 1965 Kohn na Lu Jeu Sham waligeuza uthibitisho huo kuwa milinganyo inayoweza kutatuliwa. Palibaki sehemu moja isiyojulikana kwa usahihi, ile inayoeleza jinsi elektroni zinavyokwepana, nayo hukadiriwa. Karibu kila kazi ya leo ya kukokotoa maada kwa kiwango cha atomu husimama juu ya makadirio hayo, na ubora wa mtafiti huonekana katika namna anavyojua yanapofaa na yanapomsaliti.

Kazi yenyewe, ikitazamwa kwa karibu, ni ya uvumilivu. Programu mojawapo inayotumika sana ni Quantum ESPRESSO, ambayo kitovu chake ni Trieste, Italia, na ambayo hutolewa bure pamoja na msimbo wake wote. Mtafiti huandika faili fupi la maandishi matupu: majina ya elementi, vipimo vya kisanduku cha fuwele, mahali pa kila atomu, na kiwango cha nishati kinachoamua mawimbi mangapi yatumike kuchora elektroni. Kompyuta hukisia msongamano, hukokotoa nguvu zinazotokana nao, hupata msongamano mpya, hulinganisha, hurudia. Katika faili la majibu nishati hushuka mzunguko baada ya mzunguko, kwanza kwa hatua ndefu, halafu kwa tarakimu za mwisho tu, hadi tofauti iwe ndogo kuliko kikomo alichoweka mtafiti. Hapo huchapishwa mstari unaoanza na alama ya mshangao, wenye nishati ya jumla. Wanafunzi hufundishwa kuutafuta mstari huo kabla ya kitu kingine chochote.

Mstari huo peke yake hauna thamani. Huna budi kupandisha kiwango cha nishati na kurudia hesabu yote, kisha kukipandisha tena, mpaka jibu likome kuyumba. Baada ya hapo huachiwa atomu zisogee zenyewe hadi nguvu zinazozivuta zikaribie sifuri, na vipimo vya fuwele hulinganishwa na vya maabara. Vikitofautiana kwa asilimia moja au mbili, kazi iko sawa. Vikizidi hapo, kuna kosa la kutafutwa. Gharama nayo hupanda haraka: kwa njia za kawaida, atomu zikiongezeka mara mbili muda wa kompyuta huongezeka takriban mara nane.

Kuna kosa moja ambalo kila anayeingia katika fani hii hukutana nalo mapema. Pengo la nishati ni kiasi ambacho elektroni hupaswa kurushwa ili iachane na atomu na kuanza kubeba umeme. Kwa silikoni, vipimo vya maabara hutoa elektronivolti 1.1. Makadirio ya kawaida ya kompyuta hutoa takriban 0.6. Kompyuta haijaharibika, makadirio ya Kohn na Sham yalibuniwa kwa ajili ya hali tulivu, na pengo linahusu elektroni iliyorushwa. Zipo njia za kurekebisha, zenye gharama kubwa mara nyingi zaidi, na uamuzi wa lini zitumike hauandikwi kwenye mwongozo wowote. Huo hufundishwa na mtu aliyekwisha kuufanya. Hapa ndipo ilipo siri ya kukua au kudumaa kwa sayansi hii Afrika Mashariki: programu ni bure, vitabu vinapatikana, na kinachoadimika ni mtu wa kukaa karibu na mwanafunzi na kumwambia kwamba jibu lake zuri si la kweli.

Mwanafizikia Abdus Salam wa Pakistan aliijua adha hiyo. Aliporudi Lahore kufundisha mwanzoni mwa miaka ya 1950 alijikuta mbali na kila mwenzake wa fani, na mwaka 1964, mwaka uleule wa kazi ya Hohenberg na Kohn, alianzisha Trieste kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia ili mwanasayansi wa nchi maskini asilazimike kuchagua kati ya nchi yake na fani yake. Kwa wanafizikia wengi wa Kenya, Trieste imekuwa kituo cha kwanza nje ya nyumbani.

Hatua iliyofuata ililetwa Afrika yenyewe. Richard Martin, Nithaya Chetty na Sandro Scandolo waliongoza mfululizo wa shule za Afrika za kukokotoa muundo wa elektroni, zinazojulikana kwa kifupi ASESMA. Ya kwanza ilifanyika Cape Town mwaka 2010. Ya pili, mwaka 2012, ilifanyika Chepkoilel, nje kidogo ya mji wa Eldoret, kwenye chuo kilichokuwa chini ya Chuo Kikuu cha Moi na ambacho mwaka uliofuata kilikuwa Chuo Kikuu cha Eldoret. Baadaye zilifuata Johannesburg, Accra na Addis Ababa. Utaratibu wake ni wiki mbili za mihadhara asubuhi na mazoezi ya kompyuta mchana, kisha vikundi vidogo vyenye tatizo halisi la kutatua, kila kundi likiwa na mwalimu wake. Chepkoilel haikuchaguliwa kwa bahati. Pale walikuwepo Nicholas Makau na George Amolo, waliokwisha kujenga kundi la watafiti na kuanza kuwaongoza wanafunzi wa uzamili na uzamivu katika hesabu za aina hii. Amolo baadaye alihamia Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya jijini Nairobi, na hivyo fani ikapata mizizi miwili badala ya mmoja.

Maisha ya kazi ya mtafiti wa namna hii hayaonekani kwa macho kama ya daktari au mhandisi wa barabara. Hana maabara yenye moshi wala mashine ya kuonyesha wageni. Ana madarasa makubwa ya shahada ya kwanza, wanafunzi wachache wa uzamili, na akaunti kwenye kompyuta kuu iliyo mbali. Kwa makundi mengi ya Kenya kompyuta hiyo imekuwa ile ya kituo cha kitaifa cha Afrika Kusini kilichoko Cape Town, kilichoanza kazi mwaka 2007 na ambacho mwaka 2016 kilizindua mtambo uitwao Lengau, wenye uwezo wa hesabu takriban trilioni elfu moja kwa sekunde. Faili huondoka Eldoret au Nairobi jioni, hupanga foleni Cape Town, na majibu hurudi baada ya siku. Umeme ukikatika Eldoret usiku huo, hesabu haijui. Mwalimu husoma majibu asubuhi kabla ya kipindi cha kwanza, huona pale mwanafunzi aliposahau kupanua kisanduku, huandika maelezo, na mzunguko huanza upya. Miaka kumi ya utaratibu huo huzaa makala kadhaa na, jambo zito zaidi, huzaa wahadhiri wengine. Thamani ya maisha ya kazi kama hayo inafaa ipimwe kwa wanafunzi wa wanafunzi.

Kutoka Eldoret barabara huelekea Kitale, hupita Kapenguria, kisha huteremka kwenye joto hadi Lodwar, na kilomita 120 hivi mbele yake iko Kakuma, zote mbili katika kaunti ya Turkana. Turkana ndiko maswali ya fizikia ya nanomita yanapokuwa maswali ya kila siku, na mawili yanatosha kuonyesha hilo: jua na maji.

Lodwar hupata milimita 200 hivi za mvua kwa mwaka, na joto la mchana huzunguka nyuzi 35 karibu mwaka mzima. Mto Turkwel hupita pembeni ya mji ukitoka kwenye bwawa lililo mpakani na Pokot Magharibi, lililoanza kuzalisha umeme mwaka 1991 likiwa na uwezo wa megawati 106. Umeme huo ulivutwa kusini hadi Lessos na kuingizwa kwenye gridi ya taifa, ilhali Lodwar iliendelea kwa miaka mingi kuwashiwa taa na jenereta za dizeli. Maji ya mtambo yalipita mjini. Umeme wake haukupita. Kakuma nako, kambi iliyofunguliwa mwaka 1992, wenye jenereta walijifanya kampuni za umeme: nyaya hutoka kwenye banda moja, huning'inia juu ya vichochoro na kuingia maduka na nyumba za jirani kwa malipo ya mwezi. Paneli za sola zilipoanza kushuka bei zilipata wateja ambao tayari walijua gharama ya giza.

Paneli hizo karibu zote ni za silikoni, na silikoni haipendi joto. Joto likipanda, atomu hutikisika zaidi na pengo la nishati hupungua. Pengo likipungua, volti hushuka. Uwezo ulioandikwa mgongoni mwa paneli hupimwa kwenye nyuzi 25. Kila nyuzi moja juu ya hapo huondoa takriban asilimia 0.3 hadi 0.5 ya umeme. Paneli iliyo juani saa saba mchana Lodwar hufika nyuzi 60 kwa urahisi, na hapo hesabu ni fupi: nyuzi 35 za ziada, hasara ya asilimia 10.5 hadi 17.5, kabla hata ya kuhesabu vumbi. Mji wenye jua bora kuliko karibu miji yote ya Kenya hupokea paneli iliyopimwa kwa hali ya hewa ambayo Lodwar haiijui mchana.

Watafiti wengi duniani wamegeukia perovskaiti, familia ya fuwele ambazo mwaka 2009 ziligeuza asilimia 3.8 tu ya mwanga kuwa umeme na leo maabara huzifikisha juu ya asilimia 25. Hupikwa kwa kimiminika na joto dogo, bila tanuri za nyuzi zaidi ya elfu ambazo silikoni hudai. Udhaifu wake ni kuvunjika: aina za mwanzo, zenye molekuli laini ya kikaboni katikati, huachana kwa unyevu na kwa joto. Hapa hesabu ya kompyuta hufanya kazi ambayo maabara ingeifanya kwa miaka. Badala ya molekuli ile huwekwa atomu ya sesiamu, badala ya risasi yenye sumu huwekwa bati, na kila mara hukokotolewa iwapo fuwele itasimama na pengo lake litakuwa kiasi gani. Idara ya fizikia ya Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, Kakamega, ni miongoni mwa zile za Kenya zilizochapisha tafiti za kuiga seli za perovskaiti kwenye kompyuta. Hali ya hewa ya Lodwar ni kipimo kikali na cha haki kwa kazi hiyo, kwani fuwele inayostahimili joto la huko itastahimili joto la karibu popote.

Maji ni swali zito zaidi. Septemba 2013 serikali ya Kenya na UNESCO walitangaza kwamba picha za setilaiti zimeonyesha hifadhi kubwa ya maji chini ya ardhi ya Lotikipi, kaskazini-magharibi mwa kaunti, na nyingine karibu na Lodwar. Habari zilizunguka dunia. Visima vya majaribio vilivyochimbwa Lotikipi vilitoa maji yenye chumvi kupita kiasi cha kunyweka, na furaha ikapoa. Funzo la kisayansi la tukio lile ni kwamba wingi wa maji hupimwa kwa mita za ujazo na ubora wake kwa ioni, na setilaiti haioni ioni.

Ioni inayosumbua Bonde la Ufa kuliko nyingine ni floraidi. Hutoka kwenye miamba ya volkano. Penye kalsiamu nyingi majini, floraidi hushikana nayo na kutulia chini kama mwamba. Maji ya chini ya ardhi katika sehemu nyingi za bonde yana sodiamu na bikaboneti nyingi na kalsiamu kidogo, kwa hiyo floraidi hubaki imeyeyuka na kupanda na ndoo. Ziwa Turkana halina mto unaotoka; maji huingia, kwa sehemu kubwa kutoka mto Omo wa Ethiopia, na hutoka kwa kukauka tu, yakiacha chumvi na floraidi nyuma. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 za floraidi kwa lita. Ziwa limevuka kikomo hicho mara kadhaa, na baadhi ya visima vya kaunti pia. Mtoto anayekunywa maji hayo meno yake ya kudumu huota yakiwa na madoa ya kahawia, na anayekunywa miaka mingi hukakamaa mifupa na viungo. Madoa yakishaingia hayasuguliki, kwa sababu yamo ndani ya fuwele ya jino lenyewe.

Fuwele hiyo ni haidroksiapataiti, ileile inayoupa mfupa ugumu wake. Kisanduku chake cha msingi kina atomu 44: kalsiamu 10, fosforasi 6, oksijeni 26 na haidrojeni 2. Upana wake ni nanomita 0.942 na kimo nanomita 0.688. Ndani ya fuwele hupita mfereji mwembamba ulio wima, na kuuzunguka mfereji kalsiamu zimejipanga tatu tatu, pembetatu juu ya pembetatu. Katika mfereji huo hukaa haidroksaili, yaani oksijeni na haidrojeni iliyoshikana nayo. Pembetatu ya kalsiamu ni mafiga matatu, na haidroksaili ni chungu kisichotulia: kimeinuka kidogo juu ya usawa wa mafiga, haidrojeni yake ikielekea juu au chini. Floraidi ina chaji ileile na nusu kipenyo cha nanomita 0.133, ikilinganishwa na takriban 0.137 za haidroksaili. Haina haidrojeni ya kuisukuma pembeni. Ikiingia huketi katikati kabisa ya mafiga, kwa umbali sawa na kila moja, na nishati ya fuwele hushuka. Mapema miaka ya 2000 Nora de Leeuw, akifanya kazi Uingereza, alikokotoa mabadilishano hayo na kuonyesha jinsi floraidi inavyoifanya apataiti iwe ngumu zaidi kuyeyuka. Ndiyo sababu kiasi kidogo chake huwekwa kwenye dawa ya meno.

Mabadilishano yaleyale yanayotokea ndani ya jino la mtoto yanaweza kusafisha maji yake. Mifupa ikichomwa kwenye hewa haba hugeuka mkaa wenye apataiti kwa wingi, na maji yakipitishwa humo floraidi huingia kwenye mfereji na haidroksaili hutoka. Jimbo Katoliki la Nakuru lilianza kutengeneza na kusambaza mkaa wa mifupa mwishoni mwa miaka ya 1990, na Tanzania ina kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi Ngurdoto, karibu na Arusha. Jijini Arusha pia, katika Taasisi ya Nelson Mandela, mhandisi wa kemikali Askwar Hilonga alitengeneza chujio linalounganisha mchanga na chembe za nanomita zinazochaguliwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali husika. Mwaka 2015 alikuwa wa kwanza kutunukiwa Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi inayotolewa na chuo cha kifalme cha uhandisi cha Uingereza. Turkana ni nchi ya mifugo, na mifupa ya mbuzi, ng'ombe na ngamia haikosekani kwenye machinjio ya Lodwar wala Kakuma.

Kuna swali ambalo mkaa peke yake haulijibu. Maji yenye bikaboneti nyingi hupunguza kazi ya mkaa wa mifupa, kwa sababu kaboneti nayo hushikana na apataiti na kushindania nafasi. Mkaa uliofanya vizuri kwa maji ya eneo moja unaweza kuchoka mapema kwa maji ya kisima kingine. Kujua ni uso upi wa chembe unaopendelea floraidi kuliko kaboneti, na iwapo kuongeza magnesiamu au alumini kidogo kutauelekeza upande unaotakiwa, ni hesabu ya nanomita halisi, na majibu yake yangeokoa miezi ya majaribio ya ndoo kwa ndoo.

Watu wa kuifanya hesabu hiyo wanaweza kutoka karibu na visima. Lodwar kuna Chuo Kikuu Kishiriki cha Turkana, kilichopata hadhi hiyo mwaka 2017 chini ya Masinde Muliro, chuo ambacho tayari kina wanafizikia wa kompyuta. Kakuma na makazi ya Kalobeyei, yaliyofunguliwa mwaka 2016 ili wakimbizi na wenyeji waishi pamoja, vijana wamesoma masomo ya chuo kikuu kwa njia ya mtandao kupitia Jesuit Worldwide Learning na Chuo Kikuu cha Geneva. Wamo waliofaulu hisabati na fizikia kwenye mtihani wa taifa wa Kenya wakitoka Sudan Kusini, Kongo, Burundi, Somalia na Ethiopia. Fani isiyohitaji maabara ya kemikali, gesi wala vifaa vya kuagiza ng'ambo ingepaswa kuwa ya kwanza kufunguliwa kwao.

Kizuizi kikubwa zaidi ni safari. Mkimbizi aliyesajiliwa Kakuma huhitaji kibali ili aende Eldoret au Nairobi, na hati maalumu ya kusafiria ili avuke mpaka, na shule ya wiki mbili huweza kwisha kabla karatasi hazijatoka. Kohn alipata walimu ndani ya kambi kwa sababu walizuiliwa pamoja naye. Kwa kijana wa Kakuma, mwalimu itabidi aje barabarani kutoka Kitale, au shule nzima ifanyike Lodwar, kama ya mwaka 2012 ilivyofanyika Chepkoilel.

Mahitaji mengine ni madogo kuliko yanavyodhaniwa. Hesabu ya kisanduku kimoja cha apataiti, atomu 44, huendeshwa na kompyuta moja ya mezani yenye kumbukumbu ya kutosha, na paneli chache za sola pamoja na betri huiwasha mchana na usiku. Kubadilisha haidroksaili moja kwa floraidi ni kubadilisha mistari michache kwenye faili. Uso wa chembe ukiwa na maji na bikaboneti juu yake hufikia atomu mia kadhaa, na huo hauna budi kupelekwa kwenye kompyuta kuu kama ya Cape Town. Faili la maelekezo ya hesabu hiyo halizidi kurasa chache za maandishi, na bando la kawaida la simu hulifikisha.